Pazia la Dirisha la Mwisho

"Shika hapo, kaka. Usiachie."

Evelina hakumtazama usoni aliyemwambia. Alikuwa amesimama juu ya kiti, ncha moja ya futikamba ameibana juu ya fremu ya dirisha, nyingine ikining'inia, na alihitaji mkono wa mtu. Mtu yeyote aliyekuwa akipita angetosha. Aliyepita akaikamata ile ncha, akachuchumaa, akaibana sakafuni kwa kidole gumba.

"Hapa?"

"Rudi nyuma kidogo. Hapo. Tulia."

Ilikuwa Jumapili na Dunia Ndogo ilikuwa imefurika watu. Bustani hiyo ya michezo ilijengwa kando ya ziwa, upande wa Butimba, katikati ya majabali, na kila kona yake ilipewa nchi. Misri ilikuwa na piramidi la watoto kuteleza. China ilikuwa na lango jekundu lenye majoka mawili. Ufaransa ilikuwa na mnara wa chuma uliozidi kidogo nguzo ya umeme, na chini ya mnara huo kulikuwa na mgahawa ulioandikwa Chez Nous. Wafanyakazi waliambiwa maana yake ni "Kwetu." Watu wa mjini walishaanza kuuita Shenu, ingawa ulikuwa haujafunguliwa. Majiko yalikuwa bado yako njiani, na madirisha yake marefu yalikuwa uchi. Hayo madirisha ndiyo yaliyomtoa Evelina na cherehani yake mtaani kwake Igogo.

Aliandika kipimo kiganjani kwa kalamu, akahamia upande wa pili wa fremu. Kutoka nje zilisikika kelele za juu, juu kweli, kama watu wanaopiga yowe kwenye paa.

"Wewe! Tushushe bwana!"

Mwanaume aliyeshika futikamba akainua kichwa, akasikiliza, akatabasamu.

"Hao ni wangu," alisema.

"Wako vipi?"

"Abiria. Mimi ndiye mwendeshaji wa gurudumu kubwa. Nilikuja mara moja kuomba maji ya kunywa."

Evelina akageuka na kumwona kwa mara ya kwanza: kijana mrefu mwenye sare ya bluu, ana doa la grisi shavuni na meno meupe yaliyopangana vizuri. Nyuma yake, kupitia dirishani, gurudumu lilikuwa limesimama kimya, na viti vya juu vilikuwa vimejaa watu wanaopunga mikono kwa hasira.

"Umewaacha watu hewani kwa sababu ya pazia?"

"Wewe ndiye uliyesema nisiachie."

Evelina alicheka mpaka akashuka kwenye kiti. Yule kijana akampa ncha ya futikamba kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi kitu cha thamani, akakimbia kwenda kuwashusha abiria wake. Akiwa mlangoni aligeuka.

"Naitwa Luhende."

"Nenda bwana, watakuua!"

Maji hakunywa.

*

Mapenzi yao yalikua upesi, na yalikua pamoja na chakula. Luhende alikuwa mtu wa Kisesa, mwenye njaa isiyoisha. Jioni, akishafunga kibanda chake cha swichi, alimbebea Evelina jora la kitambaa begani mpaka Igogo, wakitaniana njia nzima.

"Dereva gani wewe, unazunguka kutwa na hufiki?"

"Na wewe fundi gani, unashona nguo za madirisha, watu wanatembea uchi?"

Nyumbani, mama yake Evelina, Mama Bernadeta, alimpokea kwa mikono miwili. Mama huyu alizaliwa Bukoba, akawa yatima mapema, akalelewa na masista kwenye meza ndefu ambapo kila mtu alikula na aliyebakiza chakula aliulizwa sababu. Kwake, kumlisha mtu kulikuwa ndiyo salamu yenyewe. Akamtengea Luhende ugali na sato wa nazi, naye Luhende alikula mpaka akafuta sahani kwa tonge la mwisho. Mama alimtazama kwa furaha kama mtu anayetazama mwanawe akisoma kwa sauti.

"Huyu kijana anakula," alimwambia Evelina Luhende alipoondoka, "mpaka mpishi unajiona wa maana."

Halafu Luhende akaacha.

Hakupunguza. Aliacha, siku moja tu, bila ugomvi. Mama alitenga, yeye akasema, "Nimeshiba, mama." Siku iliyofuata akasema vilevile, na iliyofuata. Akawa hakanyagi sebuleni mama akiwepo. Alisimama nje ya mlango, akatoa shikamoo huku akitazama pembeni, mikono ameificha mgongoni. Zamani alikuwa akimpa mama mkono. Sasa mkono hakuutoa tena.

Mama Bernadeta alishangaa kwanza, kisha akaumia, kisha akakasirika.

"Nilimkosea nini?"

"Hujamkosea, mama. Labda kweli ameshiba."

"Kila siku? Anashibia wapi?" Mama akafunika sufuria kwa kishindo. "Mimi najua. Anaogopa limbwata."

"Mama!"

"Mwanaume aliyekuwa anakula vizuri akiacha ghafla, kuna mtu amemnong'oneza. Ameambiwa tutamwekea dawa kwenye mchuzi ili akuoe. Kama vile ni mali hiyo!"

Evelina alicheka, lakini neno hilo lilibaki ndani kama punje ya mchanga kwenye wali. Alimuuliza Luhende mwenyewe, wakiwa wamekaa juu ya jabali nyuma ya mnara, ziwa likipigapiga mawe chini yao.

"Kwa nini huli nyumbani?"

Luhende alitazama viatu vyake. "Nitakuambia. Bado kidogo."

"Kidogo nini?"

"Wazee wanavuna mpunga."

"Mpunga wa wazee wako na ugali wa mama yangu vinahusiana nini?"

Akacheka, akajikuna shingo, akabadilisha mazungumzo. Kuanzia hapo Evelina akawa na hesabu moja kichwani, na kila alipoipiga ilileta jibu lilelile: siku Luhende alipoacha kula kwao ndiyo siku alipoanza kuondoka.

*

Majiko yalipofika, meneja wa Shenu, Bwana Salehe, alitoa amri ambayo wafanyakazi wote wa bustani waliipenda. Wahudumu wapya, alisema, hawatajifunzia kwa wateja wenye pesa zao. Kila jioni watu wa piramidi, wa lango na wa gurudumu watakuja kukaa mezani kama wageni, wahudumiwe, wale, walalamike. Na kila mmoja atapewa nafasi yake ya kuigiza. Mlinzi wa getini akawa mzee asiyeridhika na chochote. Wakata tiketi wakawa watalii. Luhende akapewa kuwa mume anayesherehekea mwaka mmoja wa ndoa.

Mke wake akawa Winnie.

Winnie alikuwa kiongozi wa wahudumu. Alisomea kazi hiyo Arusha, akajua kushika sahani tatu kwa mkono mmoja, na alisema "bonsua", salamu ya jioni ya Kifaransa, kama mtu anayepuliza mshumaa. Jioni za mazoezi alivua aproni na kukaa upande wa wageni ili awapime vijana wake, na kwa kuwa alikuwa mke anayesherehekea, alivaa gauni jekundu lililombana kiunoni na viatu vya kisigino. Luhende aliazimwa koti jeusi la meneja. Lilimpungukia mikononi, lakini mabegani lilimkaa vizuri. Evelina hakupenda jinsi lilivyomkaa vizuri.

Yeye alikuwa kwenye kona yake, nyuma ya viti vilivyopangwa, na cherehani na mlima wa kitambaa cheupe. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemkaribisha kwenye mazoezi, maana hakuwa mwajiriwa wa bustani. Kutoka hapo aliona kila kitu. Aliona supu ya vitunguu yenye mkate juu na jibini iliyovutika kama mpira. Aliona sangara aliyekaangwa kwa siagi na ndimu. Aliona Luhende akiuliza kama konokono wanaoliwa na Wafaransa watakuja, na Winnie akicheka mpaka akamshika mkono.

Na alimwona akila. Alikula kama alivyokuwa akila zamani Igogo, kwa moyo wote. Akamaliza ya kwake, akamsaidia Winnie ya kwake.

Ikaja kastadi iliyochomwa sukari juu. Winnie akaivunja kwa kijiko, ikasema ka!

"Fungua mdomo, mume wangu."

"Ninayo mikono," Luhende alisema.

"Siku ya sherehe mume hulishwa. Fungua."

Akafungua.

Cherehani ya Evelina ilinguruma pindo zima bila kusimama. Alipoinua kitambaa kukikagua, aliona amepinda upande wa uso badala ya upande wa nyuma, kosa ambalo hakulifanya hata alipokuwa mwanafunzi. Akachukua wembe, akaanza kufumua. Lilikuwa pazia la dirisha la mwisho, lile linalotazama gurudumu.

Jioni hiyo hakusubiri mtu wa kumbebea jora. Alikuwa ameshafika nyumbani simu ilipoita.

"Fundi wangu, umeniacha. Umelala?"

"Nimeshiba."

"Nimekuuliza kama umelala."

"Na mimi nimekujibu kama unavyomjibu mama."

Luhende akasema polepole, "Evelina, una wivu?"

"Wivu wa nini? Wa kastadi?"

"Ni mazoezi yale. Meneja ndiye aliyepanga."

"Na kufungua mdomo alipanga meneja?"

Evelina akakata simu. Kisha akafungua hali za watu wengine mtandaoni, kama mtu anavyobonyeza jino linalouma, na kwenye hali ya Winnie akakuta picha: koti jeusi, gauni jekundu, mshumaa katikati. Chini yake pameandikwa, "Mimi na mume wangu wa mazoezi," na vicheko vitatu vya manjano.

Mama Bernadeta aliitazama picha ile juu ya bega la binti yake.

"Kumbe tumbo lake halijambo," alisema. "Dawa anaiogopa ya kwetu tu."

Usiku huo Evelina aliamua. Pazia la mwisho likishaning'inia, yeye hana kazi tena Dunia Ndogo, na kama hana kazi huko hana sababu ya kuonana na mtu wa gurudumu. Yataisha pamoja, kazi na mapenzi, bila kelele. Ila jambo la ajabu ni kwamba tangu aamue hivyo, pazia hilo halikwenda mbele. Alilifumua, akalipiga pasi, akalipima upya, akaona uzi haufanani, akatafuta mwingine. Mwenyewe hakujiuliza kwa nini.

Winnie alimfuata kwenye kona yake siku moja mchana, akiwa na aproni yake na kikombe cha chai.

"Dada Evelina, mbona siku hizi hata habari hunipi?"

"Habari."

"Haya, nzuri. Shemeji jana alimaliza sahani mbili, unajua?"

"Usimwite shemeji."

"Sasa nimwiteje?"

"Si mume wako?"

Winnie akacheka, kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha kucheka. Akaketi kwenye kiti kilichopinduliwa.

"Ni mazoezi, dada. Mimi kazi yangu ni kuwachekea watu." Akapuliza chai. "Ila nikuambie kweli? Ni mwanaume mzuri kukaa naye mezani. Anasikiliza. Kama wewe humtaki, useme, usituzungushe."

"Na yeye amesema nini?"

"Yeye?" Winnie akainuka. "Yeye kila akishiba anatazama hii kona yako. Nilidhani anakuogopa."

*

Siku moja kabla ya ufunguzi, Bwana Salehe alitaka mazoezi makubwa ya mwisho. Kila mtu aliyeshiriki kazi ya Shenu, hata fundi wa mapazia, alete mtu mmoja wa nyumbani awe mgeni.

Mama Bernadeta alikuja na kitenge chake cha kanisani, kilemba kimenyooka, pochi nyeusi ameikumbatia. Jua lilikuwa bado liko juu ya ziwa. Alilitazama piramidi, akatazama mnara, akasema, "Kumbe Ufaransa ni karibu hivi na mimi sijawahi kufika." Evelina alimshika mkono wakaingia. Mapazia meupe yaliyokwisha yalikuwa yakicheza kwa upepo, na mama aliyagusa moja moja, akakagua mapindo, akatingisha kichwa kwa kuridhika. Dirisha moja tu lilikuwa wazi. Pazia lake lilikuwa limelala kwenye cherehani, refu, halina pindo.

Luhende na Winnie walishaketi mezani pao, yeye na koti la kuazima, Winnie na gauni lake jekundu. Sangara alikuwa amefika. Bwana Salehe, ambaye alijua adabu za wageni lakini hakujua lolote la mioyo ya watu wake, alimchukua Mama Bernadeta kwa heshima zote akamketisha meza inayofuata, uso kwa uso na Luhende.

Luhende alikuwa na uma hewani. Aliinua macho, akamwona mama. Uma ukashuka. Akachukua kitambaa cha mkono, akafunika sahani yake. Akasimama, akainamisha kichwa, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, akatoka. Kiti chake kilibaki kimekaa upande.

Winnie alibaki mdomo wazi. Mama Bernadeta hakubaki mdomo wazi.

"Mmeona?" alisema, na masista walikuwa wamemfundisha kutamka vizuri. "Hata kwa Wafaransa! Nimekaa meza yangu, sijagusa sufuria ya mtu, na bado ananikimbia! Mimi ni mchawi?"

Mlinzi aliyekuwa mzee asiyeridhika alisahau kulalamika. Evelina alihisi masikio yakiwaka moto, na chini ya aibu ile kulikuwa na kitu kingine, hasira safi kabisa. Akamwambia mama, "Kaa hapa, ule. Nakuja." Akatoka mbio, nyuzi zikiwa bado zimemganda kwenye sketi.

Luhende alikuwa kwenye kibanda chake cha vioo, koti ametundika, analijaribu gurudumu tupu kwa ajili ya kesho. Injini ilikuwa ikinguruma. Evelina alipiga kelele, yeye akaonyesha sikio lake: hasikii. Akaonyesha swichi: hawezi kuiacha. Basi Evelina akapanda kiti kilichokuwa kinapita, akafunga komeo, akatoa simu. Alimwona akiipokea nyuma ya kioo.

"Shuka kwanza, Evelina, tuongee vizuri."

"Sishuki. Zungusha. Na unijibu. Kwa nini umemwaibisha mama yangu mbele za watu?"

"Sikumwaibisha. Nimemheshimu."

"Kwa kumkimbia?"

Kiti kilipanda. Uso wa Luhende ukashuka nyuma ya kioo, ukawa mdogo.

"Alikuwa ananitazama," sauti ilisema sikioni. "Siwezi kula ananitazama."

"Winnie akikutazama unaweza. Akikulisha unaweza! Mama amekufanya nini?"

"Hajanifanya kitu."

"Basi sema!"

Alikuwa amefika juu kabisa. Chini yake palionekana paa la Shenu, mnara wa chuma, majabali, na ziwa lote mpaka kivuko kilipokuwa kikienda kama kiberiti kilichoangushwa majini. Alimsikia Luhende akivuta pumzi.

"Kwetu mtu hali mbele ya mama mkwe," alisema.

Upepo ulitikisa kiti. Evelina alishika chuma.

"Mama mkwe wa nani?"

"Wangu."

Kiti kikaanza kushuka. Nyuso zao zikakutana kwenye kioo. Luhende alikuwa ameshika simu kwa mkono mmoja na swichi kwa mwingine, na jasho lilikuwa likimtoka kama mtu anayehojiwa. Kiti kikampitisha Evelina mbele yake, kikapanda tena.

"Tangu lini?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Ile siku ya mvua. Paa lenu lilivuja, nikaja kusaidia. Mkavihamishia vitambaa vya Shenu kitandani, wewe na mama mkalala kwenye mkeka ili mali ya watu isilowe. Nikatembea mpaka nyumbani nimeloa, nikasema basi, ni huyu. Kesho yake mama akanitengea ugali. Tonge likanikatalia mkononi. Nikaona nikila mbele yake sasa hivi, nitakuwa nimemdharau."

Evelina alifumba macho. Aliikumbuka siku ile, na iliyofuata. Hesabu yake yote ilikuwa sahihi isipokuwa jibu.

"Na hukuniambia."

"Hilo si neno la kijana kusema. Wazee ndio wanaolileta. Baba alisema wavune kwanza, wasije mikono mitupu. Nilidhani mama ameelewa. Kwetu mwanamke mtu mzima akiona kijana ameacha kula kwake, anaanza kuchagua kitenge cha harusi."

"Mama alilelewa na masista, Luhende!"

"Kwani masista..."

"Masista hawana wakwe!"

Kicheko cha Luhende kikalipuka kwenye simu, na Evelina naye kikamtoka, akicheka peke yake angani, machozi yakimtelemka.

"Anadhani unaogopa limbwata," alisema alipoweza.

"Limbwata la nini tena, na mimi nimeshakwisha?"

Kiti kilishuka. Safari hii Luhende alisimamisha gurudumu, lakini Evelina hakufungua komeo.

"Bado Winnie," alisema.

Luhende alitoka kibandani, akasimama mbele yake, simu bado sikioni kama mtu aliyesahau kuwa hawako mbali tena.

"Winnie hana kosa," alisema. "Mimi ninalo. Chakula kilikuwa kitamu, na nilifurahi kuchekewa. Kwenu nilikuwa nalala njaa mlangoni, kule nikaitwa mume. Nilifurahi. Sifichi na sikatai."

Evelina alimtazama. Alitamani akane, na alifurahi kwamba hakukana. Wivu haukuisha, ulikaa tu, kama mtu aliyeambiwa asubiri nje.

"Asikulishe tena."

"Ninayo mikono."

"Ulisema hivyo siku ile, ukafungua mdomo."

"Safari hii nitaufunga."

Akafungua komeo, akamshika mkono kumshusha, na hakuuachia.

*

Mama Bernadeta alikuwa anakula supu ya vitunguu kwa hasira, lakini alikuwa anakula. Evelina alimwinamia sikioni, akamweleza. Kijiko kilisimama. Mama alitazama mlango, akatazama ile sahani iliyofunikwa, akatazama tena mlango.

"Miezi yote hii?" alinong'ona. "Na mimi nimemwita mchawi... hapana, mchawi nimejiita mwenyewe." Akafunika uso kwa kitambaa cha mkono, mabega yakatikisika, na Evelina hakujua kama ni kicheko au kilio mpaka alipokiondoa. Vilikuwa vyote viwili. "Sasa yuko wapi?"

"Nje. Kwenye jabali, karibu na gurudumu."

"Na njaa?"

"Na njaa."

"Mpelekee chakula chake!"

"Hawezi kula pale, mama. Dirisha hili liko wazi. Utamwona."

Mama Bernadeta akageuza kiti chake, akalipa dirisha mgongo. Akafikiri kidogo, akaona haitoshi. "Naweza kusahau nikageuka," alisema. "Lete hilo pazia."

"Halina pindo, mama."

"Nimekuuliza habari za pindo?"

Kwa hiyo walilitundika vilevile, Evelina juu ya kiti, mama akimpa pini moja moja kutoka kwenye kilemba chake, na Winnie, na gauni lake jekundu, akishika ncha ya chini bila kuambiwa. Kitambaa kilishuka mpaka sakafuni, kikazidi, kikajikunja miguuni mwao. Evelina alikikunja kwa mkono, akakibana kwa pini.

Winnie alichukua sahani ya sangara, akainyoosha kwa Evelina.

"Mpelekee wewe," alisema. "Mimi nimempa talaka ya mazoezi." Alitabasamu, na tabasamu lake lilichelewa kidogo kufika machoni. Evelina aliliona hilo. Akapokea sahani kwa mikono miwili.

"Asante, Winnie."

Bwana Salehe alikuja mbio. "Dada, kesho tunafungua! Pindo je?"

"Kesho asubuhi, Bwana Salehe. Kabla ya wageni."

Nje, jua lilikuwa limegusa maji. Luhende alikuwa ameketi juu ya jabali, koti magotini. Evelina alimpa sahani, akaketi ubavuni pake, naye akalitazama dirisha kwanza, kwa makini, kama mtu anayetazama barabara kabla ya kuvuka. Pazia jeupe lilikuwa limejaa mwanga, na juu yake palionekana kivuli cha kilemba, kimegeuka upande mwingine.

Luhende akashika uma. Kisha akauweka, akala kwa mkono.

"Evelina!" Sauti ya mama ilipita kwenye kitambaa. "Anakula?"

"Anakula, mama."

Kikapita kitambo. Pini moja ilichomoka, upande mmoja wa pindo ukaanguka sakafuni, na hakuna aliyeinuka kuuokota.

"Mwambie amalize," mama akasema.